Barua Tatu kwa Mwenye Tovuti

Jumatatu, 9 Mei 2005

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya alama za magunia. Kila anayeleta alizeti kwenye mashine yetu ya kukamua mafuta ana uzi wake wa kufungia: Laurenti wa Iguguno mwekundu, akina mama wa Kiomboi kijani, na kadhalika. Nimejaza kurasa nne tu. Leo mdogo wangu Abdulhamidi kaniambia alama zote zitaingia kwenye kompyuta, kwa hiyo kurasa zilizobaki ni zangu na nitaandika humo ninachotaka.

Nina miaka arobaini na tisa, yeye thelathini na tano. Alirudi kutoka Dar mwezi wa tatu na kompyuta ndani ya boksi, na watu wa mtaa wetu wa Mandewa wakawa wanakuja kuitazama kama wanamjulia hali mgonjwa. Mimi niko kwenye mashine hii tangu mwaka tisini na sita, ushirika ulipouza mali zake na Baba akainunua. Hakuna aliyewahi kuja kunitazama. Leseni ina jina langu, kiwanja kina jina langu, maana nyumbani kwetu tangu enzi za babu karatasi huandikwa kwa jina la mkubwa. Jina langu liko kila mahali isipokuwa midomoni mwa watu.

Baada ya alasiri Baba katuita wote wawili. Kasema magoti yamemkataa. Msimu wa kukamua ukiisha atakabidhi funguo za mashine kwa mmoja wetu, na mwingine atafanya kazi chini yake. "Nitawaangalia," kasema. Halafu akamwangalia Abdulhamidi.

Upepo umeanza mapema mwaka huu.

Alhamisi, 12 Mei

Sasa anataka tovuti. Kasema mafuta ya Malaysia yamejaa madukani tangu milango ya biashara ifunguliwe, na sisi tukiendelea kumngoja mteja aje na gunia kichwani tutakwisha. Kuna wenye hoteli Arusha wanaotafuta alizeti halisi ila hawajui kama tupo duniani. Tukiwa na kurasa zetu kwenye intaneti, zenye picha na maelezo, mtu yeyote atazifungua popote alipo.

Mpaka hapo nilimwelewa. Akaendelea kwamba kurasa hizo lazima zikae kwenye mashine ya mtu mwingine, mashine inayowaka usiku na mchana, na kazi ngumu ni kumchagua huyo mtu. "Ni kama kupanga fremu ya duka, kaka. Ukikosea mwenye nyumba, umekosea biashara."

Ananifundisha mimi kupanga fremu.

Ijumaa, 13 Mei

Upepo. Magunia sitini na mawili.

Jumamosi, 14 Mei

Nimekwenda mwenyewe kwa Damari, yule dada mwenye intaneti kafe karibu na stendi. Nimemwambia nataka mahali pa kuweka tovuti na sitaki mdogo wangu ajue. Hakuuliza kwa nini, ana adabu. Kaniambia wapo Wazungu wanaokuwekea bure kabisa. Kanitengenezea ukurasa palepale, na juu kaweka picha ya Baba amevaa kanzu, amesimama mbele ya mashine.

Nimerudi nyumbani nikiimba. Mke wangu Johari kaniuliza nimeokota nini.

Jumanne, 17 Mei

Leo nimempeleka Baba kwa Damari akaone, na Abdulhamidi nikamwita makusudi ashuhudie. Ukurasa ukafunguka polepole. Kwanza kofia ya Baba, kisha uso, kisha kanzu. Kisha, juu ya kanzu, kikaruka kijipicha cha mwanamke wa Kizungu ndani ya nguo ya kulalia, na maneno. Baba akataka kujua maneno yanasemaje. Damari akainamisha kichwa. Abdulhamidi akasema, "Anatafuta mchumba, Baba."

Nikasema ni hitilafu. Abdulhamidi akaniambia kwa upole, na upole wake ndio unaonichoma, "Kaka, mtu akija hana hela ya kukamulia, tunamkamulia bure. Mashudu yanabaki kwa nani?"

"Kwetu."

"Basi na hao wanakamua bure. Hilo tangazo ndilo shudu lao. Hatuwezi kuwakataza."

Jibu nililijua kabla hajamaliza. Mwaka wa tisa huu nabaki na mashudu ya watu, makapi ya mbegu zilizokamuliwa, nalisha ng'ombe, nauza, halafu linakuja jambo lile lile kwenye kioo cha kompyuta nisilitambue, na analitambua mtu ambaye hajawahi kubeba gunia. Baba alicheka mpaka kofia ikahama. Alikuwa anacheka na Abdulhamidi, mimi nilikuwa kando.

Jumatano, 18 Mei

Sikula mchana.

Ijumaa, 20 Mei

Usingizi umenikataa siku tatu, leo nimekaa nikaandika maswali. Kama kazi ni kumchagua mwenye nyumba, hakuna mtu Singida anayenizidi. Mwaka ule wa mvua za El Nino tulipanga stoo, mwenyewe mcheshi, anatuletea mpaka karanga. Paa lilipovuja hakuonekana wiki mbili, na alizeti ikaota ndani ya magunia. Tulipotaka kuhama akafunga mlango, eti mali iliyomo ni dhamana.

Kwa hiyo nimeandika hivi. Mashine yenu ikizima usiku, nani anaamka, na simu yake ni ipi? Umeme ukikatika mnafanyaje? Tukitaka kuhama, tunaondoka na kila kitu chetu, pamoja na jina, au mnatufungia? Na tupeni wapangaji wenu wawili tuzungumze nao ninyi mkiwa hampo.

Karatasi nimempa Abdulhamidi bila salamu. Kaisoma mara mbili. "Kaka, haya maswali hata Dar sijawahi kuyasikia." Nikaondoka asinione nimefurahi.

Jumanne, 24 Mei

Abdulhamidi kapigia kampuni tatu. Ya kwanza, ya Afrika Kusini, haina mtu wa kupokea simu, ukiandika unajibiwa siku wakitaka. Ya pili, ya Dar, kijana wao kasema mashine yao haijawahi kuzima hata siku moja, nami nikajua mwongo. Ya tatu, ya Dar pia, kapokea mama mmoja. Kasema inazima, ndiyo, mara mbili mwaka jana, akaeleza kwa nini, akataja jenereta yao, akatoa namba za wapangaji wawili. Abdulhamidi kawapigia wote. Tumechagua hiyo.

Baba kamsikiliza mpaka mwisho. Kasema, "Kijana ana maswali."

Abdulhamidi kasema, "Maswali ni ya kaka." Baba wakati huo alikuwa anakohoa. Angeweza kusubiri akohoe amalize. Angeweza kurudia kwa sauti.

Jumatano, 1 Juni

Tovuti imefunguka. Nimeiona kwa Damari, na sitasema uongo kwenye daftari langu mwenyewe, ni nzuri. Alizeti za Iguguno zimejaa kioo kizima.

Abdulhamidi kanifungulia anwani ya barua pepe. Kasema, "Kaka, uwe unapita kwa Damari kuangalia." Nimepita jioni. Barua moja, kutoka kwa kampuni ya Dar, inaanza "Ndugu mteja", inashukuru. Nikaelewa kila kitu. Barua za tovuti yake kazielekeza kwangu ili mimi nitembee kwenye vumbi kuzichukua nikampelekee. Kanifanya sanduku lake la posta.

Jumatatu, 6 Juni

Upepo na vumbi. Akina mama wa Kiomboi wamefika na magunia kumi na nane. Nimewapokea, nimepima, nimefunga uzi wa kijani. Mkubwa wao, Agripina, kaangalia huku na huku, akauliza, "Yule wa kompyuta yuko wapi leo?"

Alhamisi, 9 Juni

Johari: "Baba Saada, una nini na huyo mtoto?"

Nikamwambia sina kitu.

"Basi hicho kisicho kitu kinakukondesha."

Jumanne, 14 Juni

Barua ya pili kutoka Dar, na hii ina maana. Ni ya Kiingereza, nimekaa nayo saa nzima na kamusi ya binti yangu Saada. Wanahamisha wateja wote kwenye mashine mpya mwisho wa mwezi. Mwenye tovuti anatakiwa ajibu kwamba anakubali kuhamishwa. Asipojibu hadi tarehe thelathini, kurasa zake zitafungwa mpaka wazungumze naye.

Nikatoka kwa Damari nikiharakisha kwenda kumwambia. Hilo naliandika kwa sababu ni kweli. Nilipoingia kiwandani nikamkuta amekalia kiti changu, kile kipana kando ya mizani, na Baba kakaa mbele yake na kikombe cha kahawa. Wanacheka. Baba na mimi huongea habari za magunia na mikanda ya mashine. Sijui kama kuna mwaka tumewahi kucheka.

Nikarudi nje. Nitamwambia kesho.

Jumatano, 15 Juni

Sikumwambia.

Alhamisi, 16 Juni

Upepo. Sikumwambia.

Jumatano, 22 Juni

Kaja mnunuzi kutoka Arusha, Bwana Simoni. Kaiona tovuti, kaja kuhakikisha kama kweli kuna mashine. Kaonja mafuta kwenye kiganja, kanusa, kachukua chupa tatu. Anataka mapipa ya kila mwezi kwa hoteli nne, mwaka mzima. Bosi wake yuko safarini. Jumatatu tarehe nne Julai bosi ataifungua tovuti pamoja na wenzake, wakiridhika wataandikiana mkataba. Baba kashika ukuta. Hatujawahi kuuza hata pipa moja nje ya mkoa.

Simoni kaagana na Abdulhamidi kwa mikono miwili. Kisha kanionyesha mimi kwa kidevu. "Na huyu mzee?"

"Huyu ni kaka yangu, ndiye..." Lori likapiga honi pale pale, sikusikia mwisho. Naujua lakini. Ndiye anayepima magunia.

Jioni nimepita kwa Damari. Barua nyingine. Damari kaisoma mwenyewe juu ya bega langu, akasema, "Mzee, hii ni ya haraka, wanasema ni mara ya pili."

"Nitamfikishia mdogo wangu."

Jumapili, 26 Juni

Magunia arobaini. Hakuna lingine.

Jumatano, 29 Juni

Barua ya tatu. Kesho ndiyo mwisho. Wameandika chini kabisa kwamba neno moja linatosha.

Nimelikalia hilo neno muda mrefu. Kidole nilikiweka juu ya kitufe. Naandika kama ilivyokuwa, maana hakuna atakayesoma humu: sikusahau, sikushindwa Kiingereza, umeme haukukatika. Nilimwona Baba akimkabidhi funguo mbele ya watu, na mimi nimesimama nyuma na uzi wa magunia mkononi. Nikasema moyoni, tovuti ni yake, aiangalie mwenyewe.

Nikamwomba Damari aizime kompyuta. Nje upepo ulikuwa unaviringisha makopo barabarani.

Ijumaa, 1 Julai

Nimesali Ijumaa. Abdulhamidi alikaa kando yangu.

Jumatatu, 4 Julai

Simu ya Simoni iliingia saa nne na nusu asubuhi, kwenye simu ya mkononi ya Abdulhamidi. Tulikuwa wote kiwandani, Baba kavaa kanzu mpya kama siku ya Idi. Abdulhamidi akasikiliza, akasema "haiwezekani", akasikiliza tena. Bosi na wenzake wamekaa mezani, kurasa hazifunguki. Akaomba nusu saa.

Akatoka nje kupiga Dar. Nilimwona dirishani, kaziba sikio moja kwa sababu ya upepo, shati limejaa hewa mgongoni. Mwanzoni alikuwa anazungumza kwa mikono. Kisha mkono ukashuka. Kisha akawa anasikiliza tu, kichwa chini, muda mrefu.

Aliporudi ndani aliniangalia mimi. Si kwa hasira, ningeielewa hasira. Kisha akamgeukia Baba.

"Ni mimi, Baba. Walituandikia tujibu kabla ya mwisho wa mwezi. Haikujibiwa. Nilipaswa kufuatilia."

"Walikuandikia?"

"Waliandika mara tatu."

"Mara tatu," kasema Baba.

Sikuelewa. Barua hizo hakuziona hata moja. Nikasubiri aseme zilikwenda kwa nani. Nilikuwa nimeshaandaa majibu, yamepangana: mimi si karani wake, Kiingereza changu ni cha darasa la saba, angeniambia ni muhimu. Hakuniuliza. Majibu yote yakanibaki mdomoni.

Saa sita Simoni akapiga tena. Bosi kasema watu wasioweza kulinda ukurasa hawataweza kulinda mapipa. Wamechukua mafuta ya watu wa Dodoma.

Baba hakupandisha sauti. Akafungua mkanda, akachomoa funguo, akavuka mashine akaja mpaka nilipo. "Nilivutwa na mambo mapya," kaniambia. "Wewe ndiye uliyekuwa hapa siku zote." Maneno hayo nimeyangoja tangu tisini na sita. Yamekuja, na mkono wangu ukayapokea pamoja na funguo.

Abdulhamidi kasema, "Hongera, kaka." Akaenda kushona magunia.

Jumanne, 5 Julai

Funguo ni nane. Mmoja sijui ni wa nini.

Alhamisi, 7 Julai

Upepo. Nimekalia kiti changu. Baba kapita na kahawa, kaulizia mikanda ya mashine, kaenda.

Jumatatu, 11 Julai

Nimekwenda kwa Damari tovuti irudishwe. Nilitaka walau hiyo irudi. Nilidhani ikirudi nitalala.

Damari kapiga Dar, kanipa simu. Alikuwa yule mama mwenye majibu mazuri. Nikajieleza kwamba mimi ni kaka yake Abdulhamidi wa Singida, tunaomba tufunguliwe.

"Samahani, tunazungumza na mwenye tovuti tu."

"Mwenye tovuti ni mdogo wangu."

Nikasikia anabonyeza. "Hapana. Hapa pameandikwa Sultani Hussein, Mandewa, Singida. Jina ni lake, kurasa ni zake, anwani ni yake. Mdogo wake alitupigia tarehe nne, na yeye nilimwambia hivi hivi, kwamba mwenyewe tulimwandikia mara tatu. Wewe unaitwa nani?"

Nikataja jina langu. Kasema karibu, Bwana Sultani, unakubali kuhamishwa? Nikasema ndiyo. Baada ya nusu saa alizeti za Iguguno zilijaa kioo.

Abdulhamidi nilimkuta nyuma ya kiwanda anafunga uzi mwekundu kwenye magunia ya Laurenti. Kazi yangu ya miaka yote, anaifanya vizuri.

"Shikamoo kaka."

Sikuitika. "Kwa nini uliandika jina langu?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu. "Niandike la nani?"

"Ulijua tangu tarehe nne."

"Nilijua."

"Mbona hukumwambia Baba?"

Akakaza fundo kwanza. "Ningemwambia nini? Kwamba mwenye mali kaikataa mali yake? Angeniuliza kwa nini, kaka, na mimi sijui kwa nini."

Sababu ninaijua mimi, imeandikwa humu kuanzia tarehe tisa Mei. Nilisimama pale na funguo zake mfukoni, na badala ya aibu kilichokuja kwanza ni kile kile cha siku zote: nikamwonea wivu hata kwa kunyamaza kwake. Mimi nisingeweza kunyamaza. Ningemtaja kabla sijakata simu.

Nitamwambia Baba kesho.

Jumanne, 12 Julai

Sikumwambia.

Jumatano, 13 Julai

Sikumwambia. Johari kaliona daftari, kalisogeza kando afute meza, hakulifungua. Kasema tu, "Msimu umekwisha, wewe bado unaandika."

Ijumaa, 15 Julai

Upepo umetulia tangu alfajiri, mpaka masikio yanashangaa.

Nimemwambia. Nilimkuta kitandani kanyoosha magoti, nikakaa chini kwenye mkeka kama zamani, nikasema kuanzia barua ya kwanza mpaka kidole juu ya kitufe. Sikusingizia Kiingereza. Sikutaja sanduku la posta. Aliponiuliza kwa nini, nikasema, "Nilimwonea wivu, Baba. Mlikuwa mnacheka." Sauti ilinitoka kama ya mtoto, mtu wa miaka arobaini na tisa.

Akajiinua kitandani. Kisha akanyoosha mkono wazi, na mimi nikaweka funguo. Akamwita Abdulhamidi, akampa palepale, hakueleza kitu, na Abdulhamidi hakuuliza. Ule ufunguo wa nane ni wa sanduku la mama yetu. Abdulhamidi aliujua tangu zamani.

Nikainuka niondoke.

"Sultani," Baba kasema. "Hiyo tovuti iko kwa jina la nani?"

"Langu, Baba."

"Ibaki hivyo hivyo. Barua zikija, ujibu."

Saa kumi nilipita kwa Damari. Ipo moja. Ndugu mteja, wanauliza kama kwenye mashine mpya kila kitu kiko sawa. Niliporudi kutoka msikitini nilimkuta mdogo wangu amekalia kiti changu, na wivu ulinipanda kama kawaida yake, sijui lini utanitoka. Lakini barua nilikuwa nimeshaijibu.